Kadi Isiyo na Betri: Safari ya Antena Kutoka Pete ya Chuma Hadi Geti la Treni



Kwenye kipindi kilichopita tuliongea kuhusu pesa: nani nyumbani bado anaficha noti chini ya godoro, na nani hawezi kununua hata maji bila simu. Mazungumzo yakafika kwenye kadi za kugusisha, zile ambazo sisi wa huku tunasema "kutapu," nikaahidi kuandika kwa urefu kidogo. Swali lenyewe ni dogo. Kadi yako haina betri, haichajiwi, haina waya wa kuchomeka. Sasa inaongeaje na mashine?

Wengi wetu tunajibu haraka haraka: "Si ina antena? Inatuma mawimbi ya redio." Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ni tamu zaidi, na ndiyo inayoweza kutusaidia kuongea na wazee wetu kuhusu hofu waliyo nayo juu ya kadi hizi. Hofu hiyo nitaifikia, lakini kwanza tuifungue kadi.

Waya uliojificha

Ndani ya ile plastiki kuna vitu viwili tu vya maana. Kuna chipu, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na kuna waya mwembamba sana uliozungushwa mara chache karibu na ukingo wa kadi, kama mtu alivyoizungusha kamba akatengeneza kitanzi cha mstatili. Miisho miwili ya waya huo imeunganishwa na chipu. Basi. Wapo watu London waliowahi kuziyeyusha kadi zao za Oyster kwa asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, ili watoe chipu na waya wavishone kwenye pete au glavu. (Msijaribu, kadi ni mali ya wenyewe.)

Hicho kitanzi ndicho tunachokiita antena. Lakini hebu tufanye hesabu ndogo. Kadi hizi hutumia masafa ya megahezi 13.56, yaani nguvu ya umeme kwenye kitanzi cha mashine inageuka huku na huku mara 13,560,000 kwa sekunde. Wimbi la redio la masafa hayo lina urefu wa mita 22 hivi. Mita 22 ni kama mabasi mawili ya ghorofa ya London yaliyosimama mmoja nyuma ya mwingine. Antena nzuri ya kurusha wimbi kama hilo mbali ingehitaji angalau robo ya urefu huo, mita tano na nusu. Kadi yako ina sentimita nane na nusu.

Kwa hiyo kama kazi ya kitanzi hiki ingekuwa kurusha mawimbi mbali, kingekuwa antena mbovu kabisa. Ila hiyo siyo kazi yake. Kinachotokea kati ya kadi na mashine ni jambo la zamani zaidi kuliko redio, na lilionekana kwa mara ya kwanza katika mji huo huo wa London, dakika chache tu kwa miguu kutoka stesheni ya Green Park.

Mtoto wa mhunzi

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791, baba yake akiwa mhunzi. Shule alisoma kidogo sana. Alipofika miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, na kwa kuwa vitabu vilikuwa vinapita mikononi mwake, akawa anavisoma. Baadaye akapata kazi ya usaidizi katika Royal Institution, mtaa wa Albemarle, na huko akabaki maisha yake yote ya kazi.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete nene ya chuma, yenye upana wa kama sentimita 15. Upande mmoja akazungusha waya wa shaba, upande wa pili akazungusha waya mwingine. Nyaya hizo mbili hazikugusana. Waya wa kwanza akauunganisha na betri, wa pili akauunganisha na kifaa chenye sindano ya kuonyesha umeme.

Alipounganisha betri, sindano ya upande wa pili ikaruka, kisha ikatulia. Betri ikiendelea kutoa umeme, sindano imetulia tuli. Alipoitoa betri, sindano ikaruka tena, safari hii kuelekea upande mwingine.

Kwa nini iliruka mwanzo na mwisho tu? Kwa sababu umeme unapopita kwenye waya uliozungushwa, unatengeneza nguvu ya sumaku, na kinachosukuma umeme kwenye waya wa jirani ni *mabadiliko* ya sumaku hiyo. Sumaku ikitulia, jirani hapati kitu. Ikibadilika, jirani anapata. Ukitaka jirani apate umeme mfululizo, lazima uibadilishe sumaku mfululizo.

Sasa rudi kwenye lile geti la stesheni. Nyuma ya kile kiduara cha njano kuna kitanzi cha waya, na umeme wake unageuka mara milioni kumi na tatu na ushee kwa sekunde. Huo ndio waya wa kwanza wa Faraday. Kadi yako ndiyo waya wa pili. Pete ya chuma imeondolewa, na mahali pake pamebaki hewa. Ukisogeza kadi karibu, umeme unazaliwa ndani yake, chipu inaamka, inafanya kazi yake, na ukiiondoa kadi chipu inalala tena. Haihitaji betri kwa sababu kila mara inalishwa na mwenyeji wake.

Kuna ujanja mmoja umeongezwa. Mtoto kwenye bembea ukimsukuma kidogo tu, lakini kila mara kwa wakati wake, atapanda juu sana. Ukisukuma ovyo ovyo, hafiki popote. Chipu ina kapasita ndogo ambayo pamoja na kitanzi inaifanya kadi iwe kama bembea yenye mwendo wake, na mwendo huo umepangwa ukaribiane na ule wa mashine. Ndiyo maana umeme mdogo unatosha. Na ndiyo maana ukiweka kadi mbili pamoja kwenye pochi, wakati mwingine mashine inakasirika: bembea mbili zilizokaribiana zinavurugana mwendo. Hata zikisomeka, mashine inaweza kuchukua nauli kwenye kadi usiyoikusudia.

Kadi inajibuje?

Kulishwa ni jambo moja, kuongea ni jingine. Mashine ikitaka kusema, inakatakata nguvu yake kwa vipande vifupi mno, na chipu inasoma mpangilio wa hivyo vipande. Hilo linaeleweka. Lakini kadi itajibu vipi, na haina nguvu yake yenyewe?

Mmewahi kuzungusha kamba ya kuruka, wawili mmeshika miisho? Mwenzako akikaza mkono, unahisi mkononi mwako. Akilegeza, unahisi pia. Hajakurushia kitu chochote, amebadilisha tu namna anavyoipokea nguvu yako. Kadi inafanya hivyo hivyo. Chipu inakaza na kulegeza mzigo wake haraka haraka, na mashine, ambayo ndiyo inayotoa nguvu yote, inahisi mabadiliko madogo sana kwenye kitanzi chake yenyewe. Hayo ndiyo majibu. Kadi, tukisema kweli, hairushi redio. Inaitikisa ile nguvu iliyopewa.

Wazo la kifaa kisicho na nguvu yake, kinachojibu kwa kutikisa nguvu ya mwingine, lina ukoo wa ajabu. Mwezi Agosti 1945 watoto wa Kisovyeti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow zawadi ya nembo ya Marekani iliyochongwa kwa mbao. Akaitundika nyumbani kwake. Ndani yake kulikuwa na kifaa kilichobuniwa na Lev Termen, yule yule aliyebuni ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa. Hakikuwa na betri wala waya, kwa hiyo wakaguzi hawakukigundua hadi mwaka 1952. Watu wa nje walikuwa wanakielekezea mawimbi ya redio, na sauti za chumbani zilikuwa zinatikisa mawimbi yanayorudi. Huyo ni binamu wa kadi yetu, siyo baba yake: yeye alitumia mawimbi halisi ya mbali, kadi inatumia sumaku ya karibu. Lakini ukoo ni mmoja.

Pweza na chaza

Kutoka hapo mambo yanaenda kwa hatua. Mwaka 1973 Mmarekani Charles Walton alipata hataza ya mfumo wa kadi inayotambuliwa na mashine bila kuguswa, na kazi yake ikaingia kwenye kufuli za milango. Chipu za wakati huo zilikuwa bado na njaa kubwa ya umeme. Ilibidi kusubiri miaka mingine ishirini hivi hadi chipu ziwe ndogo na zenye kula kidogo.

Mwaka 1994 kampuni ndogo ya Austria iitwayo Mikron ikatoa chipu ya MIFARE, iliyobuniwa kwa ajili ya kukusanya nauli. Mwaka uliofuata Philips wakainunua kampuni hiyo. Mwaka 1996 mabasi ya Seoul yakaanza kutumia chipu hiyo. Mwaka 1997 Hong Kong ikaleta kadi yake, yenye chipu ya Sony, ikaipa jina Octopus. Mwaka 2003 London ikaleta Oyster, kwa chipu ya MIFARE. Kwa sisi ambao asili yetu ni pwani hii inachekesha kidogo: miji mikubwa miwili ya dunia ikatafuta jina la kadi ya nauli, mmoja ukaichagua pweza, mwingine ukachagua chaza.

Halafu benki zikaingia. Uingereza ilianza kadi za benki za kugusisha mwezi Septemba 2007, na kiwango cha juu cha kulipa bila namba ya siri kilikuwa pauni 10. Mwezi Desemba 2012 mabasi ya London yakaanza kuzipokea kadi hizo, na Septemba 2014 treni za chini ya ardhi zikafuata. Mamlaka ya usafiri ya London ilitaka kadi isomwe ndani ya nusu sekunde, maana nyuma yako kuna foleni ya watu waliochelewa kazini.

Hofu ya shangazi

Sasa ile hofu. Shangazi yangu, mzaliwa wa Mombasa na mkazi wa London kwa miaka mingi, anaifunga kadi yake ya benki kwa foili, ile ile ya kufunikia sambusa. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia: "Mwanangu, wezi siku hizi hawaingizi mkono mfukoni. Wanapita tu kando yako na mashine, pesa zimekwenda."

Vijana tuna tabia ya kuwacheka wazee kwenye mambo kama haya. Mimi sicheki, kwa sababu swali lake ni swali la kifizikia na linastahili jibu la kifizikia: kitanzi kinaweza kuilisha kadi kutoka umbali gani?

Sumaku ya kitanzi inafifia haraka kupita kiasi. Ukishakuwa mbali kuliko ukubwa wa kitanzi chenyewe, kila ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Chukua kitanzi cha duara ambacho kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 4, karibu na kile cha mashine ya dukani. Ukiwa sentimita 4 mbele yake, nguvu imebaki kama theluthi moja. Ukiwa sentimita 40, imebaki kama sehemu moja ya elfu. Kadi haiwezi kuamka kwa makombo hayo.

Mwizi atasema: basi nitatengeneza kitanzi kikubwa. Watafiti wameshajaribu. Mwaka 2006 Ilan Kirschenbaum na Avishai Wool wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walitengeneza antena ya bomba la shaba lililokunjwa duara, yenye upana wa karibu sentimita 40, wakaweza kusoma kadi kutoka kama sentimita 25. Ni hatua, lakini angalieni bei yake: antena kubwa kama sinia la pilau, ili upate umbali usiozidi rula ya shuleni. Na kwenye kadi za benki, hata mtu akiifikia kadi yako, kila malipo yanahitaji akaunti ya mfanyabiashara ambayo benki inaijua, na kadi haitoi namba yako ya siri.

Na foili? Foili inafanya kazi kweli, na sababu ni Faraday yule yule. Sumaku inayobadilika inasukuma umeme ndani ya foili, na umeme huo unatengeneza sumaku yake inayopinga ile ya kwanza. Kadi iliyofungwa humo inabaki na njaa. Kwa hiyo shangazi yuko sahihi kuhusu foili. Wasiwasi wake ndio mkubwa kuliko hatari yenyewe.

Mahali ambapo mlango ulivunjika kweli palikuwa kwingine. Chipu ya MIFARE Classic, iliyokuwa ndani ya Oyster za mwanzo, ilifunga siri zake kwa fomula ambayo watengenezaji walikuwa wameificha. Desemba 2007 watafiti Karsten Nohl na Henryk Plötz walionyesha Berlin kwamba wameikata chipu tabaka kwa tabaka na kuisoma kwa darubini. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakaonyesha namna ya kuivunja. Kampuni ilikwenda mahakamani kuzuia utafiti usichapishwe, mahakama ikakataa. London baadaye ikahamia chipu yenye nguvu zaidi.

Ona tofauti. Antena ilifanya kazi yake vizuri muda wote, na kazi yake ni kuhakikisha mambo yanafanyika karibu. Lakini kuwa karibu siyo kuwa mwaminifu. Uaminifu ulikuwa umekabidhiwa kwa fomula ya siri, na ndiyo iliyoanguka.

Nani anamlisha nani

Kuna jambo moja la mwisho ambalo antena haiwezi kulitatua. Tarehe 6 Julai 2014 mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu. Kwa wengi wetu siku hiyo ilipita bila habari. Kwa mzee mwenye sarafu mkononi na hana kadi, mlango ulifungwa.

Karibu wakati huo huo, Nairobi ilikuwa inajaribu jambo kama hilo. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walizindua BebaPay: abiria ana kadi, kondakta ana simu yenye kitanzi ndani yake, unagusisha unalipa nauli ya matatu. Serikali ikataka matatu zote ziache pesa taslimu kuanzia Julai 2014. Haikushika, na mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Tafadhali tusiseme teknolojia ilishindwa. Kitanzi cha Nairobi kilikuwa ni kile kile cha London, na Faraday hajui mipaka ya nchi. Ila London kulikuwa na mamlaka moja yenye kusema na mabasi yote. Nairobi kulikuwa na wenye magari, madereva na makanga ambao pesa ya kila siku ndiyo inayoendesha kazi yao, na abiria ambao tayari walikuwa na M-Pesa kwenye simu tangu 2007.

Mimi nachukua funzo hili kutoka kwenye waya wenyewe. Kadi haisemi mpaka ilishwe, na anayelisha ndiye anayeuliza maswali. Mfumo mzima uko hivyo hivyo: mwenye mashine anaamua ni lini ataiwasha, kiwango kitakuwa pauni 10 au pauni 100 (ndipo ulipofika mwaka 2021), na nani atabaki kituoni. Umbali wa sentimita chache fizikia imetuwekea bure. Mengine yote wameamua watu, na yaliyoamuliwa na watu yanaweza kuulizwa.

Kwa hiyo mkikaa na wazee wenu, msiwaambie tu "usijali, iko salama." Waelezeni kwa Kiswahili, taratibu: kadi ni waya tu, unakula mkononi mwa mashine, na ukisogea mbali unalala. Wakiwauliza kuhusu mabasi na sarafu, wasikilizeni, maana hapo wana hoja. Na ile pete ya Faraday bado ipo, kwenye jumba la Royal Institution mtaa wa Albemarle. Ukishuka Green Park na kugusisha kadi yako ili utoke, umeshafanya jaribio lile lile kabla hata hujaiona.

Kabla sijaaga: nyumbani kwenu mnasemaje, kugusisha, kugonga, au kutapu? Tuandikieni, tutayasoma kwenye kipindi kijacho.